Nampa binti yangu dawa kwa siri, kanisani wanajua amepona

Shikamoo Mama,

Safu yako huwa naisomea kwenye simu ya mdogo wangu. Leo nimeamua kuandika mwenyewe, maana jambo hili siwezi kumweleza mtu ambaye kesho tutakutana naye kisimani.

Naishi Mbozi. Tunalima kahawa na mahindi, na nina nguruwe wachache nyuma ya nyumba. Mume wangu ni dereva wa lori, maisha yake ni barabara ya Tunduma hadi Dar, kwa mwezi analala nyumbani kama mara mbili. Tuna watoto watatu. Wa kwanza ni binti wa miaka 12, na ni habari zake ninazokuletea.

Alipokuwa na miaka saba alianguka shuleni, akakakamaa, akatoa povu, akajikojolea. Tukasema ni malaria imepanda kichwani. Baada ya mwezi akaanguka tena, kisha ikawa kila wiki. Hospitali wakatuambia ni kifafa, wakamwanzishia vidonge vya fenobabitoni, anameza kila usiku. Vilimsaidia. Akawa anaweza kukaa miezi miwili hadi mitatu bila kuanguka, ila alikuwa anasinzia darasani, na walimu wakaanza kumwita mzito.

Mwaka jana mwezi wa nane kulikuwa na semina ya maombi kanisani kwetu. Mchungaji wetu ni mtu mwema, nisije nikaonekana namsengenya. Mama yangu alipofariki, yeye alikaa nasi msibani siku zote hadi tulipoanua tanga. Siku ya mwisho ya semina akamwita binti yangu mbele, akamwekea mikono, akasema pepo wa kifafa wa ukoo anatoka leo. Mtoto akaanguka palepale. Vigelegele vikapigwa, watu wakalia kwa furaha, na mimi nikalia. Nikaambiwa nipande mbegu ya kufunga mlango ambao pepo alitokea, nikatoa malipo yangu yote ya kahawa ya msimu ule. Nikaambiwa pia kwamba kuendelea na dawa ni kuukana uponyaji. Jioni ile nilivitupa vidonge chooni kwa mkono wangu mwenyewe.

Wiki tatu hakuanguka. Jumapili iliyofuata nikasimama na kutoa ushuhuda, kanisa zima likashangilia. Siku tisa baadaye alianguka akiwa jikoni peke yake, akaangukia kwenye mafiga. Mkono wa kushoto uliungua kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Na hakuanguka mara moja, Mama. Alikuwa kabla hajazinduka vizuri anarudia, tangu saa kumi na moja jioni mpaka tulipofika hospitali saa mbili usiku. Daktari akaniuliza, "Dawa aliacha lini?" Nilitazama chini tu.

Alilazwa mwezi mzima. Tangu atoke anameza dawa tena, lakini nazificha kwenye kopo la unga wa ulezi, na nampa usiku wadogo zake wakishalala. Kanisani nilisema aliungua na uji. Mchungaji akasema shetani analipiza kisasi, akatufungisha kavu siku tatu, mimi na mtoto, na kila Ijumaa tuko kwenye mkesha. Nimeona kwamba Jumamosi ndiyo siku anayoanguka sana, lakini nani nitamwambia?

Mama mkwe wangu anasema mwenye kifafa akishaungua na moto hawezi kupona tena, eti bora nimpeleke kwa mtaalamu mmoja huko ng'ambo ya mpaka. Kwake mtoto ana sahani yake na kikombe chake, vinawekwa mbali na vya wengine. Mume wangu amekasirika, anasema nisiwakanyage tena walokole wale. Na mwezi ujao kuna mkutano mkubwa wa injili uwanjani. Mchungaji ameshatangaza kwamba binti yangu atapanda jukwaani kushuhudia alivyoponywa kifafa.

Juzi nilikuwa namfunga bendeji akaniuliza, "Mama, kwani mimi ni pepo?" Nilimwambia anyamaze asiongee mambo hayo. Tangu hapo hajaniuliza kitu kingine.

Mimi mwenyewe siwezi kuomba. Nikifumba macho nauona ule mkono. Naomba unisaidie: kumpa dawa kwa siri ni kumkana Mungu? Nikisema ukweli si nitamwaibisha Mungu mbele ya wasioamini? Na mwanangu anaweza kupona?

Mama anayeficha vidonge, Mbozi

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla hatujaongea lolote: usiku wa leo mpe kidonge chake. Kesho mpe, na keshokutwa mpe. Hayo mengine yote yanaweza kungoja wiki mbili tukiyafikiria, hili haliwezi.

Nilikuwa muuguzi miaka 31 kabla ya kustaafu, na kanisani kwangu ni mzee wa kanisa, kwa hiyo nakujibu nikiwa na miguu pande zote mbili. Kilichompata mwanao jikoni kina maelezo yanayojulikana vizuri hospitalini. Ubongo uliozoea fenobabitoni ukikatiwa ghafla, degedege hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na linaweza kufululiza bila mgonjwa kuzinduka katikati, kama ulivyoona. Hali hiyo huua. Wiki tatu za kimya ulizoshuhudia nazo si ajabu, maana dawa hii hutoka mwilini polepole, na wewe mwenyewe umesema hata zamani alikuwa anakaa miezi miwili bila kuanguka. Hakuna pepo aliyelipiza kisasi. Dawa iliisha mwilini.

Hizo Jumamosi nazo umeziona kwa jicho zuri kuliko unavyojiamini. Kukosa usingizi ni mojawapo ya mambo yanayochochea kifafa, na kukaa na njaa kunaweza kuongeza. Mtoto wa miaka 12 mwenye kifafa, akikeshwa Ijumaa mpaka alfajiri, Jumamosi ataanguka, hata kama mkesha wenyewe ulijaa malaika. Kuanzia sasa asikeshe na asifunge kavu. Akilala saa tatu usiku baada ya kuomba "Baba yetu" na wewe, amemaliza ibada yake.

Sasa nije kwenye swali lako la kumkana Mungu.

Fungua Luka 17. Wakoma kumi wanamwita Yesu kwa mbali, naye anawaambia, "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani." Tunapita haraka hapo kwa sababu tunakimbilia yule mmoja aliyerudi kushukuru. Lakini kuhani katika jambo la ukoma alikuwa mkaguzi. Soma Mambo ya Walawi 13: anaitazama ngozi, anamtenga mtu siku saba, anatazama tena, na akiwa bado ana shaka anaongeza siku saba nyingine, ndipo anatamka. Yesu mwenyewe, akiwa na uwezo wote ule, aliwapeleka watu wake wakakaguliwe. Hakumwambia hata mmoja kwamba kukaguliwa ni kukosa imani. Basi mtu akikuambia mtoto ameponywa, jibu la kimaandiko ni kwenda kliniki na daftari lake, kumweleza daktari, na kuendelea na dawa mpaka yule anayekagua aseme. Kwa kifafa, daktari huanza kufikiria kupunguza dawa mtoto akishakaa kama miaka miwili bila kuanguka, naye huipunguza kidogo kidogo kwa miezi. Kama Mungu amemponya kweli, miaka miwili hiyo haitamzuia chochote.

Na ile Yakobo 5 inayosomwa kila penye mafuta ya upako, isome tena taratibu. Mgonjwa awaite wazee, wao waje kwake, wamwombee, wampake mafuta. Hakuna mstari unaosema atupe alichopewa na tabibu. Paulo alimwambia Timotheo anywe mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na alisafiri na Luka ambaye anamwita tabibu mpendwa. Isaya alimtangazia Hezekia uponyaji kutoka kwa Mungu mwenyewe, halafu akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Neno la Bwana na dawa ya kubandika, kwenye sura moja! Na hapo Mbozi kwenu, Wamoraviani walijenga kanisa na hospitali, na sijawahi kusikia kwamba waliona kimoja kinakikana kingine.

Najua utaniuliza, kwa sababu mchungaji wako atakuuliza: Je, Marko 9 si inasema yule kijana aliyekuwa akianguka motoni alikuwa na pepo? Ndiyo, inasema, na mimi sina mamlaka ya kuifuta. Ila fungua Mathayo 4:24, ambapo watu wanamletea Yesu "wenye pepo, na wenye kifafa, na wenye kupooza". Mathayo amewaweka kwenye makundi tofauti, na kila kundi limepewa jina lake. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kila kifafa ni pepo, amekwenda mbele kuliko Injili yenyewe. Mwanao ana ugonjwa wa ubongo. Hospitali imeuona, na dawa iliutuliza kwa miaka. Sijui pepo anayetulizwa na kidonge.

Nikiwa bado kwenye Marko 9, kuna jambo ambalo muuguzi hawezi kuliacha lipite. Kabla ya yote, Yesu anamgeukia baba na kumwuliza, "Amepatwa na hali hii tangu lini?" Baba anajibu, "Tangu utoto." Hilo ndilo swali la kwanza nililokuwa nauliza kliniki kila siku. Mtoto anagaagaa chini, povu linamtoka, umati unakusanyika, na Yesu anasimama kumsikiliza mzazi. Halafu mwishoni, watu walipodhani kijana amekufa, alimshika mkono akamwinua. Aliugusa mwili ambao muda mfupi uliopita ulikuwa unatoa povu.

Mpelekee mama mkwe wako habari hiyo, kwa adabu zote. Mate na povu la mwenye kifafa haliambukizi. Sahani yake wala kikombe chake havina neno. Na huo usemi kwamba aliyeungua hawezi kupona tena si wake peke yake. Nimeusikia sehemu nyingi, na chanzo chake naweza kukikisia: wanaoungua ni wale ambao hawapati dawa, na asiyepata dawa hapati nafuu. Moto umesingiziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja mwanamke mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alifika Mahenge kule Ulanga, akakuta wenye kifafa wametengwa vivyo hivyo, wengine wana makovu makubwa ya moto kwa sababu akianguka hakuna anayethubutu kumshika. Alifungua kliniki yao. Dawa aliyoitegemea ni hiyohiyo fenobabitoni iliyomo kwenye kopo lako la ulezi, inayotumika kwa kifafa tangu mwaka 1912. Watu wenye makovu walipata nafuu.

Akianguka tena, yeyote aliye karibu amlaze kwa ubavu, amwondolee moto na mawe, amwekee kanga chini ya kichwa, na atazame saa. Asimtie kijiko wala kidole mdomoni, asimkandamize, asimmwagie maji. Ikipita dakika tano, au akirudia kabla hajazinduka, ni hospitali moja kwa moja. Wafundishe wadogo zake hayo. Mtoto wa miaka minane anaweza kabisa. Kwa sasa asipike peke yake kwenye mafiga, asiteke maji mtoni bila mwenzake, na akioga asijifungie kwa komeo.

Ukienda kliniki, omba mambo matatu na usitoke mpaka umejibiwa. La kwanza ni huo usingizi wa darasani: mwambie daktari, maana kipimo cha dawa kinaweza kurekebishwa au dawa ikabadilishwa. Wakitaja dawa iitwayo valproeti, wakumbushe kwamba ni msichana anayekaribia kuvunja ungo, kwa kuwa dawa hiyo ina madhara makubwa kwa mimba na wasichana huangaliwa kwanza kwa dawa nyingine. La pili ni chanzo. Umesema unafuga nguruwe, na katika nyanda zenu minyoo ya tegu ni sababu mojawapo ya kifafa. Watu wengi wanadhani ni kula kitimoto tu. Nyama isiyoiva vizuri inakupa tegu tumboni. Kinachopanda kichwani ni mayai ya tegu yanayotoka kwenye choo cha binadamu, yanayoliwa kwa mikono isiyonawa, mboga mbichi au maji. Kwa hiyo choo kizuri, sabuni, na nguruwe wafungiwe bandani. Daktari ndiye atakayeamua kama anahitaji kupigwa picha ya kichwa. La tatu ni ule mkono. Kovu la moto linalopita kwenye viungo hujikunja, na vidole vikishajikunja kuvinyoosha ni kazi. Uliza mazoezi, uanze mapema.

Kuhusu kupona kwenyewe: Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata utambuzi na dawa inayowafaa. Wengine baadaye huacha dawa kabisa, wengine humeza maisha yao yote, wakasoma, wakaolewa, wakazaa. Sitakuahidi mwanao yuko kundi gani. Mwombee awe kwenye lile la kwanza, mimi pia nitamwombea.

Lakini narudi kwa wale wakoma, maana umeniuliza kuhusu kupona na mimi nimekujibu nusu. Kumi walitakasika ngozi. Mmoja tu aliyerudi ndiye aliyeambiwa, "imani yako imekuokoa." Wale tisa walipata ngozi safi wakaenda zao, na Yesu anaonekana kuona kwamba kuna kitu hawakukipata. Ikiwa ngozi inaweza kupona na mtu bado akapungukiwa, basi mwanao anaweza kuwa bado anaanguka mara moja moja na huku anapona kweli kweli, mahali ambapo hakuna aliyepatazama tangu semina ile.

Mwanao alikuuliza kama yeye ni pepo, na wewe ukamnyamazisha kwa sababu uliogopa. Rudi kwenye swali hilo. Msubiri mkiwa wawili, wakati wa kufunga bendeji ni mzuri, umwambie: "Uliniuliza jambo nikakunyamazisha, nilikosea. Wewe si pepo, na huna pepo. Una ugonjwa unaoitwa kifafa, una dawa yake, na wewe ni mwanangu." Kisha mwombe msamaha kwa vidonge vilivyotupwa. Najua kwetu mzazi hamwombi mtoto msamaha, mimi mwenyewe sikuombwa hata siku moja. Mwombe tu. Usimwambie kwamba Mchungaji alisema hivi au bibi alisema vile. Sema "mimi".

Nasema hivyo kwa sababu sitakudanganya kwamba hukukosea. Ulikosea, na ndiyo maana kila ukifumba macho unauona mkono. Watu wakikuambia "usijali, ni mapenzi ya Mungu", jeraha lako linazidi kuchimbika kwa ndani. Lakini uliyemkosea yuko hai, anakula mezani kwako, na ulimkosea ukiwa unamtakia uzima kwa kila ulichokuwa nacho mpaka senti ya mwisho ya kahawa. Huo ni mzigo unaoungamwa ukatuliwa. Yakobo yuleyule, mistari miwili mbele ya mafuta, anasema tuungamiane dhambi na kuombeana "mpate kuponywa". Tafuta mtu mmoja: mumeo akirudi, au mama mmoja mwenye kifua pale kanisani. Mweleze yote, pamoja na uongo wa uji.

Na kama huwezi kuomba, usiombe kwa wiki kadhaa, wenzako na waombe kwa niaba yako. Eliya alipojilaza chini ya mretemu akitaka kufa, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Wewe nawe umekesha mno. Ijumaa hii lala. Ikiwa baada ya wiki tatu bado usingizi haurudi, unalia bila sababu au unaona afadhali usingekuwepo, hiyo nayo ni ya kwenda kusema hospitali. Roho iliyochoka nayo ina kliniki yake, na wala si aibu.

Umebaki uwanja na jukwaa. Binti yako asipande. Hapo sina mjadala. Mtoto atasimama mbele ya mamia ya watu aseme amepona, huku kovu likiwa chini ya sweta na kidonge kikiwa kinamsubiri nyumbani, na siku akianguka shuleni watamwita mwongo au aliyerudiwa na pepo. Unaogopa kumwaibisha Mungu. Ayubu alishawauliza rafiki zake hilo kwenye sura ya 13, kama watasema uongo kwa ajili ya kumtetea Mungu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia hao waliokuwa wakimtetea.

Mwendee mchungaji kabla ya mkutano, si siku yenyewe. Nenda na mumeo kama ratiba ya lori itaruhusu, ila muwekee sharti aache hasira nje. Kama hawezi, nenda na mmoja wa wazee wa kanisa. Mtu aliyekaa nawe msibani mpaka mwisho anastahili kuambiwa uso kwa uso. Mwambie: "Mchungaji, binti bado anaanguka. Aliungua kwa sababu nilimwachisha dawa. Sasa anameza, na ataendelea. Tunaomba utuombee, na tunaomba asitajwe uwanjani." Usiseme mengi. Akikuuliza imani yako iko wapi, mjibu kwa maneno ya yule baba wa Marko 9: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu alimpokea na nusu yake ile.

Kama ni mtu mwema unavyomweleza, atanyamaza, atafadhaika, kisha atakuja nyumbani kumwona mtoto. Nimewajua wachungaji waliobadilika hivyo, wengine wakawa ndio wanaowakumbusha waumini tarehe za kliniki. Akikataa, akasema chagua dawa au kanisa, basi chukua watoto wako na Biblia yako, mkasali kwingine Jumapili ijayo. Mumeo atakuwa amepata nusu ya alichotaka, na wewe hutakuwa umemwacha Mungu hata hatua moja. Ile fedha ya kahawa sitakuambia uidai. Ungenitaka maoni yangu ya pembeni, ningesema mbegu aliyoipanda mjane hekaluni ilikuwa yake, haikuwa bei ya mtoto.

Kuhusu yule mtaalamu wa ng'ambo ya mpaka, sina haja ya kusema.

Kopo la ulezi lirudishie ulezi wake. Vidonge viweke juu ya kabati ambapo wadogo hawafiki lakini kila mtu anaviona, karibu na Biblia kama nafasi ipo. Mkikaa kusali usiku, wote watano baba akiwepo, wanne asipokuwepo, binti ameze kidonge chake mbele ya wadogo zake kabla ya "Amina". Mdogo wa mwisho atauliza ni cha nini. Mwache dada mtu ajibu mwenyewe.

Niandikie mkitoka kliniki. Nataka kusikia vidole vinanyooka kiasi gani.